Gari Linaloumwa Jumapili

Jumanne, 3 Juni

Tekla kanyonya mara sita. Choo kizuri. Joto hakuna. Jino la pili limechungulia.

Kahawa nimechuma ndoo tatu na nusu. Vidole vinanata, kalamu haitaki kuniachia.

Daftari hili nililianza kwa ajili ya mtoto. Nesi wa kliniki alinigombeza. Alisema, mama, ukija hapa unaniambia homa inakuja, homa inaondoka, mimi nitibu nini? Andika siku. Andika saa. Andika alikula nini kabla. Basi naandika. Nimeishia darasa la saba lakini mwandiko wangu unasomeka, hata nesi kausifia.

Leo naongeza mgonjwa wa pili. Gari la Baba Tekla.

Ni jekundu, fupi, milango miwili, limekaa chini kama bata anayeatamia. Mwenyewe wa kwanza alikuwa meneja wa shamba aliyehama akaliacha limekufa. Mume wangu kalifufua miaka miwili, kila jioni, baada ya kazi. Yeye ni fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Mikanda na magurudumu anayajua kwa kupapasa. Umeme anauheshimu kwa mbali. Kila mwezi vijana wanashindana kwenye uwanja wa vumbi njia ya Mpepai. Gari moja moja linazunguka mapipa, mtu anapima muda kwa simu. Zawadi hakuna, ni kelele tu. Baba Tekla akitoka pale anakuwa mtoto kumshinda Tekla. Nampenda sana siku hizo.

Sasa dashibodi inawaka taa. Ya betri. Kisha ya breki. Kisha ya injini. Halafu zinazima zenyewe kama hazikuwepo. Hakuna anayejua kwa nini.

Naanza. Jumapili 1 Juni, zimewaka, tukienda misa. Jumatatu hakuna. Leo hakuna.

Jumamosi, 7 Juni

Nina hasira mpaka maziwa yanakataa kushuka.

Asubuhi nimeliosha gari lote, nje, ndani, na buti, kwa majivu na ndimu, ling'ae kwa ajili ya mashindano. Mchana tumefika uwanjani. Sheria yao ni moja: taa ya hatari ikiwaka, gari halizunguki. Mkaguzi kachungulia, Baba Tekla kawasha. Zimewaka zote. Hata ya mkanda, na mkanda alikuwa kafunga.

Deo wa Litumbandyosi, yule mwenye gari la kijani, akapaza sauti: "Kaka, umekuja kushindana au kufungua disko?"

Watu wakacheka. Baba Tekla naye kacheka, kile kicheko cha meno bila macho. Akakaa pembeni na kofia yake ngumu mapajani akiwashangilia wenzake mchana kutwa. Hilo ndilo limeniuma. Angenuna ningepona haraka.

Tumerudi. Tekla peke yake ndiye aliyeimba njia nzima.

Jumapili, 8 Juni

Zimewaka tena. Kwenye kona kabla ya kanisa.

Kwenda misa ni hivi: Babu, baba yake Baba Tekla, anakaa mbele. Mama Mkwe anaingia nyuma kwa kurudi kinyumenyume, anasukumwa kidogo, kisha mimi na Tekla tunajaza nafasi iliyobaki. Taa zilipowaka Mama Mkwe alisema gari hili halipendi kusali.

Baba Mdogo Kosmas, mdogo wake Babu, amekataa lifti. Alitembea pembeni yetu kwenye kilima, na kwa kweli alikuwa anatupita. Akainama dirishani: "Miguu yangu mimi haina taa."

Simpendi leo. Kesho nitajitahidi.

Jumatano, 11 Juni

Tumekwenda mjini kwa Fundi Maurus, fundi umeme wa magari. Nimemkabidhi habari zote, nimemsomea daftari. Gari likawashwa. Taa hakuna. Hata moja. Safi kama uso wa bibi harusi.

Ni kama Tekla. Usiku kucha joto, asubuhi akimwona nesi anacheka na kurusha miguu, mimi naonekana mwongo.

Fundi kabadilisha fyuzi. Kachomeka mashine yake ya kusomea gari, mashine ikasema makosa ni kumi na moja. Kafuta, kasoma tena, ikasema hakuna. Akatuonyesha betri. Kumbe ya gari hili iko nyuma, ndani ya buti, imefunikwa na zulia pembeni kulia. Miaka yote nilidhani ni tairi la akiba! Kakaza vichwa vya betri. Mwisho kaipiga dashibodi kofi moja la nguvu, akasema, "Hapo sasa."

Nimeandika: Jumatano, fyuzi, kukaza betri, kofi moja.

Ijumaa, 13 Juni

Leo roho yangu iko chini.

Kwa Babu bado wanashika sengu yao ya Kimatengo. Wanaume wa ukoo wanakula pamoja, wakishashiba wanaamua mambo. Mimi ni mtu wa ziwani, wa Ngumbo, kwetu hatuna hiyo, lakini nimeshaizoea. Wao wanaamua, sisi wanawake tunapika nguvu za kuamulia.

Nilikuwa naondoa sahani. Baba Mdogo Kosmas akaanza. Alisema gari hili halibebi kahawa. Halibebi kuni. Halibebi mtu aliyeshiba. Halina faida yoyote kwa ukoo. Kuna mtu Songea analitaka. Liuzwe, lipatikane tangi la maji la kuoshea kahawa. Tangi halina taa.

Babu alitafuna muda mrefu, na mdomoni hamkuwa na kitu. Kisha akaamua: mashindano yajayo ni Jumamosi ya tarehe tano Julai. Likikataliwa tena kwa ajili ya taa, linauzwa. Likizunguka, linabaki.

Wanaume wanadhani ni habari ya mashindano. Mimi najua ni habari ya mama yangu.

Kwa basi na bodaboda kwenda Ngumbo ni siku nzima na mtoto mgongoni, na vumbi, na kungojea. Kwa gari ni lami hadi Mbamba Bay, kisha vumbi la kawaida, tumefika. Baba Tekla ananipeleka kila mwezi. Ndiyo ahadi aliyonipa siku nilipolia, mwezi ule baada ya kujifungua. Gari likiuzwa, Tekla atamjua bibi yake kwa simu.

Nimelia kidogo jikoni. Nimesingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumapili, 15 Juni

Zimewaka. Kona ileile, na moja mpya.

Jana nilikuwa nimeliosha vizuri ili angalau lisitie aibu. Mama Mkwe anasema buti linanukia ziwa. Anasema kwa upole, lakini anasema kila wiki.

Baada ya misa kaniambia nisihofu, yeye analiombea gari kwa njia yake. Sikuuliza ni njia gani. Mimi nilikuwa Anglikana kabla ya ndoa, bado kuna mambo nayaona nanyamaza.

Alhamisi, 19 Juni

Ngumbo! Tumekwenda na kurudi.

Kushuka: taa hakuna. Kupanda kurudi: hakuna. Nimekaa na daftari mapajani njia nzima kama karani, sikuandika kitu.

Mama kamrusha Tekla juu mara ishirini. Kasema mtoto ana paji la uso la kwetu. Kama kawaida yake hakutuachia tuondoke mikono mitupu. Mbasa watatu wakubwa, wabichi, na dagaa waliotiwa chumvi, kwenye mfuko wa salfeti, juu ya majani ya mgomba, ndani ya buti. Kasema ni wa wakwe zangu, wasije wakasema binti yetu tulimtoa kama yatima. Mfuko ulikuwa unachuruzika. Akasema, maji ya samaki ni baraka, acha yachuruzike.

Jioni wote wamekula. Mama Mkwe kala kichwa. Baba Mdogo Kosmas, aliyesema gari halina faida, kaja na sahani yake mwenyewe kutoka kwake. Sahani ya kina.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeliosha buti kwa nguvu zote. Majivu, ndimu, ndoo mbili za maji. Nimesugua mpaka kwenye pembe. Harufu imepungua.

Tekla kala udongo. Kidogo. Nimeandika saa.

Jumapili, 22 Juni

Zimewaka zote! Na honi imelia peke yake mbele ya kanisa, wakati padre anasalimia watu mlangoni. Padre karuka.

Baba Tekla kaniambia tukiwa wawili tu, "Mama Tekla, labda Baba Mdogo anasema kweli." Kasema kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu gari. Niliona kama amezima kitu ndani.

Nilimjibu hapana. Hapana tu. Sikuwa na sababu nyingine.

Jumatatu, 23 Juni

Tekla amelala, nimekaa na daftari. Nimelisoma kama nesi anavyolisoma la mtoto, kidole juu ya mstari. Alikula nini kabla. Alikula nini kabla.

Jumamosi nimeosha, zimewaka siku ileile. Jumamosi nimeosha, Jumapili zimewaka. Jumamosi nimeosha, Jumapili zimewaka na honi.

Jumatano kwa fundi, kavu, hakuna. Alhamisi Ngumbo, vumbi na matuta, sikuwa nimeosha, hakuna.

Gari halichukii kusali. Gari linaumwa kila nikiliogesha.

Jumapili, 29 Juni

Jana sikuosha. Nilijifanya kichwa kinauma. Leo buti linanuka, Mama Mkwe kaziba pua kwa rozari.

Taa: hakuna. Kwenda hakuna, kurudi hakuna. Babu kasema labda gari limetubu.

Jumanne, 1 Julai

Jana jioni nimeliosha kwa makusudi. Nesi alinifundisha: ukitaka kujua kama ni karanga zinazomdhuru mtoto, toa wiki moja, kisha mpe kidogo umwangalie. Nimelipa gari karanga.

Leo asubuhi Baba Tekla kaliwasha aende kazini. Disko. Kashuka, kaenda kwa miguu, mabega yameanguka. Nimemwonea huruma mpaka nimejiona mchawi.

Alipopinda kona nimefungua buti. Nimevua zulia lote, hata lile la pembeni kulia. Kuna waya mnene mweusi unatoka kwenye betri, umefungwa kwa bolti kwenye bati la gari, chini kabisa, mahali ambapo maji yote yanakwenda kulala. Bolti haionekani. Imevaa ukoko mweupe na kijani, umevimba kama uyoga. Nimegusa waya kwa kijiti, ukacheza. Taa za ndani zikazima. Nimegusa tena, zikawaka.

Nimeinusa.

Mbasa.

Jumatano, 2 Julai

Sijamwambia mtu. Nimechuma kahawa mbichi na kuziacha mbivu, mara mbili, mpaka Mama Mkwe kaniuliza kama nina mimba.

Nimewaza hivi. Nikisema, basi samaki wa mama yangu ndio walioua gari, na mimi ndiye niliyekuwa naunywesha ukoko maji kila wiki. Baba Mdogo Kosmas atasema mambo ya ziwani ndiyo haya. Atasema mpaka Tekla aolewe. Na hakuna atakayekubali gari liende tena Ngumbo kuchukua ugonjwa. Nisiposema, Jumamosi linakataliwa, linauzwa. Njia zote mbili mama yangu anabaki peke yake na Tekla wa kwenye simu.

Kuna njia ya tatu. Nikwangue mwenyewe, kimya kimya. Nimejaribu na kisu cha jikoni. Kisu kimepinda. Bolti haikusikia hata kuguswa.

Ninaona aibu. Ninaogopa. Ndiyo hivyo.

Alhamisi, 3 Julai

Nimesema.

Sengu ilikuwa leo, kabla ya mashindano. Nilipeleka ugali na maharage. Nikaweka. Nikapiga goti kama kawaida. Halafu sikuinuka.

Babu akangoja. Akaniuliza, "Mama Tekla, kuna kitu umesahau jikoni?"

Nikasema, "Nimesahau kusema, baba."

Nikasoma daftari. Sauti yangu ilikuwa ya mbuzi. Nikasoma tarehe, kuosha, taa, kuosha, taa. Nikasoma mpaka mahali nilipoandika Tekla kala udongo, nikashindwa kuliruka, nikasoma na hilo. Nikasoma mbasa. Nikasema maji ya samaki wa mama yangu yamekula waya, na mimi kwa kuona aibu ya harufu nimeyasaidia kula kwa ndoo mbili mbili. Nikasema gari halina kosa. Kosa ni langu na la kwetu. Msiliuze kwa ajili yangu.

Baba Tekla ananitazama kama ananiona mara ya kwanza sokoni.

Baba Mdogo Kosmas akajivuta mbele. Nilijua. "Si nilisema? Mambo ya ziwani! Gari la watu limegeuzwa mtumbwi!"

Hapo mlango wa jikoni ukalia. Mama Mkwe kaingia. Huwa haingii. Mikono imekunjwa kifuani, uso umeiva. Kasema, "Si samaki peke yake."

Kumbe ile njia yake ya kuliombea gari ni chumvi. Chumvi iliyobarikiwa. Kila Ijumaa kabla ya mashindano, na siku nyingine akikumbuka, alikuwa anamwaga viganja viwili ndani ya buti, kwenye pembe zote nne, ili mwanawe asipinduke. Kwa mwaka na nusu. Na kwa sababu pembe ya kulia iko upande wa dereva, ile alikuwa anaiongezea.

Babu akafumba macho. "Viganja viwili?"

"Vitatu," kasema Mama Mkwe. "Mashindano makubwa, vitatu."

Mimi nilikuwa bado nimepiga goti, sikujua nicheke au nikimbie. Baba Tekla ndiye aliyeinuka. Alikuwa anamtazama Baba Mdogo Kosmas, polepole, kama mtu anayehesabu mikanda ya mashine.

"Baba Mdogo. Mwezi wa pili uliazima gari langu. Ulisema unampeleka mgonjwa hospitali."

Baba Mdogo Kosmas akakohoa.

"Nilirudishiwa gari lina vumbi jeupe kwenye buti. Ulisema ni poda ya mgonjwa."

"Alikuwa na joto sana, yule mgonjwa..."

"Baba Mdogo."

Mgonjwa alikuwa mfuko wa mbolea ya chumvichumvi. Mfuko mmoja na nusu. Huo wa nusu ulipasuka kwenye tuta, na kwa kuwa alikuwa na haraka akausukuma kwa mkono mpaka pembeni kulia, chini ya zulia, ili usionekane. Akasema alikusudia kurudi kuufagia. Mvua ikamzuia. Mvua ya mwezi wa pili, na leo ni Julai.

Babu alianza kucheka bila sauti. Mabega kwanza. Kisha tumbo. Kisha akalazimika kuweka tonge chini. Sijawahi kumwona Babu akiweka tonge chini. Alipopata pumzi alisema gari hili tumelilaumu kwamba halina faida kwa ukoo, na kumbe ukoo mzima umekuwa ukipita ndani ya buti lake. Akasema hatuwezi kumuuza mgonjwa tuliyemlisha sumu wenyewe. Kwanza anatibiwa. Na watakaomtibu ni walewale waliomlisha.

Halafu akanigeukia. Akasema wale mbasa waendelee kuja, lakini waje wamekauka.

Nimekwenda jikoni. Mama Mkwe kanifuata. Tumesimama tunatazamana. Kasema, "Ulikuwa unaosha kwa majivu na ndimu?" Nikasema ndiyo, mama. Kasema, "Mimi ningetumia mchanga." Tukacheka mpaka Tekla akaamka na kulia kwa hasira.

Ijumaa, 4 Julai

Fundi Maurus kaja nyumbani. Kaangalia ukoko ule, kavua kofia. Kasema ameona nyaya zilizoliwa na panya, zilizoliwa na moto, lakini huu umeliwa na parokia, ziwa na shamba kwa pamoja.

Baba Mdogo Kosmas kakaa ndani ya buti tangu asubuhi, miguu nje, anasugua kwa msasa. Kila akitaka kupumzika Babu anakohoa kutoka barazani. Mama Mkwe anaondoa vumbi kwa brashi ya nguo. Mimi nimeshika taa kwa mkono mmoja, Tekla kwa mwingine. Chini bati limetokea jeupe, linang'aa kama sahani mpya. Fundi kafunga waya mpya, bolti mpya, kapaka grisi nyingi.

Kawasha. Hakuna. Kamwaga kikombe cha maji juu ya bolti. Hakuna. Nikamwomba alipige dashibodi kofi, kama dawa ya akiba. Kakataa, kasema sasa itakuwa ni kulionea.

Naogopa kuamini. Usiku mwema.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi sikuliosha. Lilikwenda chafu. Wakati tunaondoka nimemwona Mama Mkwe akizunguka gari na kiganja kimefumba. Tulitazamana. Kafungua kiganja, kampaka Tekla hiyo chumvi kidogo kwenye paji la uso, akarudi ndani.

Mkaguzi kachungulia. Kachungulia tena. Kaomba gari lizimwe, liwashwe, lizimwe, liwashwe. Deo wa Litumbandyosi kasema, "Leo disko limefungwa?" Baba Tekla kavaa kofia.

Yalikuwa magari sita. Lake la nne. Nilikuwa nimemkumbatia Tekla mpaka akanifinya. Kona ya kwanza vumbi limelimeza lote, nikabaki nasikia mlio tu. Likatoka. Kona ya tatu likagonga pipa, pipa likabingirika kuelekea kwa watu, watu wakaruka mfereji. Baba Mdogo Kosmas, aliyekuja kwa miguu yake isiyo na taa, alikuwa amepanda juu ya kichuguu anapiga kelele kuliko wote: "Kanyaga, mtoto wa kaka! Kanyaga! Pipa si ndugu yako!"

Wa tatu kati ya sita. Angekuwa wa pili, pipa limemharibia.

Kashuka mweusi kwa vumbi, meno tu. Safari hii macho yalicheka pia. Kaja moja kwa moja kwangu, si kwa wenzake. Kachukua daftari lililochomoza kwenye kanga yangu, kachukua kalamu, kaandika mwenyewe. Mwandiko wake mbaya. Naunakili hapa chini yake ili usomeke:

Jumamosi tarehe tano. Taa hakuna. Mke wangu ndiye fundi.

Nimelia. Vitunguu havikuwepo hata leo.

Jumatatu, 7 Julai

Tekla joto kidogo asubuhi, mchana limeshuka. Jino la tatu, nadhani.

Mtu wa Songea kapiga simu kuuliza kuhusu gari. Babu kapokea. Kamwambia gari lina ukoo, halitoki peke yake.

Jumamosi, 12 Julai

Ngumbo.

Tumefika kabla ya jua kuwa kali. Baba Tekla kalala mkekani, kofia usoni, miguu ndani ya maji. Wavuvi wanamruka tu.

Mama hakuuliza habari za gari, na sikumwambia chochote. Siku nyingine. Kavua kanga ya juu, kamchukua Tekla, wameingia ziwani mpaka kwenye magoti ya Mama. Tekla kaguswa na maji, kashtuka, kanitazama mimi kama anaomba ruhusa. Kisha kapiga maji kwa kiganja. Kapiga tena. Mama anamwambia jina la kila kitu kwa Kinyasa, polepole. Maji. Jiwe. Samaki. Mtoto anatazama mdomo wake.

Sasa jua limeanza kushuka; siku zote saa hii tulikuwa tunafunga mizigo, ili tuwahi kupanda mlima kabla giza halijaingia. Nimemwuliza Baba Tekla tuanze kujiandaa? Kainua kofia kidogo. Kasema tunalala hapa, tutaondoka kesho.

Nimevua viatu.